Feni ya Kuvuta Moshi Jikoni: Uliza Bomba Linaishia Wapi

Mama, kabla ya kununua feni ya kuvuta moshi, muulize muuzaji: hewa inatolewa nje au inarudi jikoni? Isiyo na bomba la kwenda nje huchuja mafuta na harufu tu. Kaboni monoksidi hubaki ndani. Gesi hii haionekani wala haina harufu, na mtoto huathirika haraka kwa sababu anapumua kwa kasi kuliko mtu mzima.

Chagua yenye bomba la nje, isiyo nyembamba kuliko jiko lako. Iwashe kabla ya kupika, fungua dirisha, osha chujio. Ukitumia mkaa, pikia nje. Mkiumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni wote nje, kisha wahini kituo cha afya.