Ulanga mweusi: Mng'ao unaohadaa katika laga za Isiolo

MTU anayevuka kwa miguu laga iliyokauka katika Kaunti ya Isiolo, jua likiwa kali, huona mchanga ukimetameta kana kwamba umenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Si ajabu mgeni akajaza mkebe, akauficha mkobani na kuanza kupiga hesabu za utajiri.

Kinachometameta ni ulanga mweusi, ambao wanajiolojia huuita bayotaiti. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1847 na Mjerumani Johann Hausmann, kwa heshima ya mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot, aliyechunguza jinsi mwanga unavyopita katika ulanga.

Madini haya yana potasiamu, magnesi, chuma, alumini na silika, yakiwa yamepangika katika tabaka nyembamba mithili ya kurasa za kitabu. Potasiamu ndiyo inayozishikanisha kurasa hizo, na mshiko wake ni hafifu; ncha ya kisu yatosha kuzibandua. Chuma kinapozidi magnesi, rangi hukolea hadi kuwa nyeusi. Chuma hicho hicho ndicho kinachouharibia soko. Ulanga mweupe, kama ule wa milima ya Uluguru nchini Tanzania uliochimbwa tangu enzi za utawala wa Wajerumani, huzuia umeme vyema. Huu mweusi haufai kwa kazi hiyo.

Mvua na hewa zikiupiga kwa muda mrefu, chuma chake hupata kutu na rangi hugeuka kuwa ya kidhahabu. Hapo ndipo macho huhadaika. Njia ya kutambua ni rahisi: bonyeza chembe kwa ncha ya sindano. Dhahabu hubonyea bila kuvunjika, ilhali ulanga hupasuka vipande vipande. Tena, dhahabu ina uzito wa mara 19 wa maji yenye ujazo uo huo na hubaki chini ya karai. Ulanga, wenye uzito wa mara tatu hivi, husombwa mapema.

Asili yake ni miamba ya naisi, mawe yenye milia myeusi na myeupe yaliyopikwa kwa joto na shinikizo chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Miamba hiyo ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, unaopita mashariki mwa Afrika. Upande wa Nyambene imefunikwa na lava changa zaidi, lakini kwingi kaskazini imejitokeza wazi. Huko Garba Tula, naisi yenye ulanga mweusi imekatwa na mshipa wa mwamba ulioyeyuka kisha ukaganda, na ndani yake mna yakuti za buluu na manjano. Huo ndio utajiri wa kweli, nao haumeti mchangani.

Hasara kubwa, hata hivyo, haimpati mtafuta dhahabu bali mjenzi. Mchanga wa laga huzolewa kwa ujenzi, na ukiwa na ulanga mwingi huidhoofisha zege. Vipande vyake ni bapa na laini, saruji haivishiki barabara. Aidha, mchanganyiko hudai maji mengi zaidi, na maji yakizidi zege hupoteza nguvu. Ufa huja baadaye, fundi akiwa amekwisha lipwa.

Kabla ya kununua lori zima, tia mchanga kidogo katika chupa angavu yenye maji, utikise, uuache utulie. Chembe nzito hutangulia kuzama. Ulanga na matope hutua mwisho, juu yake. Tabaka hilo likiwa nene, mchanga huo uoshwe au uachwe. Kwa kuwa maji ya kuoshea ni adimu Isiolo, ni heri kuchota katikati ya laga, palipopita mkondo wenye nguvu, kuliko kandoni ambako maji yalipungua kasi na kuutua ulanga.