"Maji yana mionzi": historia fupi kabla ya mkutano ujao

UZI. Kampeni zikikaribia, huku kwetu Chebunyo hakosi mtu wa kupanda jukwaani na kusema maji ya kisima kirefu yana mionzi. Mwingine anajibu: uongo, ni salama kabisa. Hakuna kati yao mwenye karatasi ya maabara. Mama yangu bado anapeleka punda bwawani kuchota maji, kwa hivyo hii si hadithi tu kwangu.

Turudi nyuma. Mwaka 1903, J.J. Thomson, mwanafizikia wa Cambridge, alikuta gesi yenye mionzi kwenye maji ya kawaida ya mfereji. Ndiyo tunayoiita radoni, inatokana na urani iliyo ndani ya miamba. Na watu hawakuogopa, walifurahi! Miaka ya 1920 Wamarekani waliuziwa maji ya radiamu kwenye chupa, jina lake Radithor, ati yanaleta nguvu. Tajiri mmoja, Eben Byers, aliyanywa mpaka mifupa ya taya ikaoza. Alikufa 1932.

Baada ya hapo swali likawa: kiasi gani? Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kila sekunde. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani liliweka 0.1 kwa lita kwa mionzi ya alfa na 1 kwa beta. Mwaka 2004 alfa ikapandishwa hadi 0.5. Hapa ndipo mnachezewa. Maji yenye alfa 0.3 "yalizidi" mwaka 1990, leo "hayajazidi", na maji ni yale yale. Tena kuzidi hakumaanishi sumu. Kunamaanisha pimeni zaidi, mjue ni madini gani, kisha mpige hesabu ya mwaka mzima wa kunywa.

Beta nayo ina kisa chake. Gramu moja ya potasiamu, ile iliyo kwenye ndizi na ndani ya mwili wako, hutoa takriban bekereli 28 za beta. Mtu akisoma beta bila kutoa ya potasiamu, anakutisha na ndizi.

Kenya ilipata sheria ya kukinga watu dhidi ya mionzi mwaka 1982, na ile ya 2019 ikaleta mamlaka ya sasa ya kudhibiti nyuklia. Mlima wa Mrima kule Kwale unajulikana kwa thoriamu yake. Lakini Mrima si Chebunyo. Sisi tumekaa juu ya miamba ya volkano, na namba za Kwale haziwezi kusafirishwa hadi hapa kwa maikrofoni.

Bwawa na kisima pia si kitu kimoja. Maji ya bwawa yamekaa wazi, radoni yake imeshapanda hewani. Ya kisima kirefu hutoka nayo. Ile ya alfa hupimwa kwa kukausha maji na kuhesabu mabaki, kwa hivyo radoni huwa imetoroka zamani, na jibu halisemi lolote kuihusu. Lazima chupa yake ijazwe mpaka mdomo, bila povu, ifungwe hapo hapo, kwa sababu nusu yake hupotea kila siku 3.8.

Kwa hivyo mheshimiwa akija, mimi nitaomba karatasi. Ikiwa na tarehe ya kuchota lakini haina saa, ile ya radoni warudie.