Saa Inayohesabu Hatua za Wazee: Ilitoka Wapi?

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Mtaani kwetu Kinanira yuko mwalimu mstaafu ambaye mwanawe aishiye ng'ambo alimletea saa ya mkono inayopima mapigo ya moyo na kuhesabu hatua. Baada ya wiki chache Mzee aliniita kwake, uso umemshuka. "Mwanangu, saa hii kila jioni inaniambia nimefika nusu tu." Nusu ya nini? Ya hatua 10,000. Alikwisha kuamini kwamba moyo wake umechoka, na matembezi yake ya asubuhi alikuwa ameyaacha. Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya vifaa hivi, kwani asiyejua asili ya kipimo hutawaliwa nacho.

Chombo cha kwanza cha mzee ni mkongojo, nao haumhesabii mtu chochote. Vyombo vya kupima moyo wa mtu akiwa katika shughuli zake vilianza kwa uzito mkubwa. Katika miaka ya 1940 Norman Holter, mtafiti wa jimbo la Montana, Marekani, alitengeneza mtambo wa kurekodi umeme wa moyo uliobebwa mgongoni, wenye uzito wa kilo 38 hivi. Baadaye ugunduzi wa transista, mwaka 1947, ulisaidia mitambo ya aina hiyo kupungua ukubwa. Mwaka 2018 saa ya Apple ilianza kupima umeme wa moyo na kutambua mvaaji anapoanguka. Mzigo wa mgongoni ukawa pambo la mkononi.

Na hizo hatua 10,000? Hazikutoka hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei. Tukilichambua neno hili kama tufanyavyo darasani, man ni elfu kumi, po ni hatua, na kei ni kipimo. Jina la biashara likageuka kuwa amri ya afya, likasambaa ulimwenguni hadi kwenye mkono wa Mzee wetu.

Watafiti walikuja kulichunguza jambo hili baadaye. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani juu ya wanawake 16,741, wenye wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida haikuongezeka tena baada ya hatua 7,500 hivi. Mwaka 2022 uchambuzi wa tafiti 15, za wanaume na wanawake, ulionyesha kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi faida hufikia kikomo kwenye hatua 6,000 hadi 8,000. Kwa hiyo ile "nusu" ya Mzee haikuwa aibu hata kidogo.

Aidha, tusisahau rangi ya ngozi. Kipimo cha oksijeni kwa mwanga, ambacho msingi wake uliwekwa na Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974, leo kimo pia ndani ya saa nyingi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipimo vya hospitali vya aina hii viliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe, vikionyesha oksijeni inatosha ilhali imepungua. Mzee wa Kiafrika asiyeweza kuvuta pumzi vizuri asitulizwe na namba. Apelekwe kwa daktari.

Mwisho, liko suala la lugha. Saa hizi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mzee akiambiwa ameze dawa "saa mbili", saa huandika 8:00. Asipoelezwa, dawa italiwa saa isiyo yake. Hapo ndipo kazi yetu walimu wa Kiswahili ilipo: kumfasiria mzee kifaa kabla hakijamtisha.

Nilimweleza Mzee habari ya manpo-kei. Akacheka sana. "Kumbe lilikuwa tangazo la dukani!" Kesho yake alfajiri nilimwona njiani, saa mkononi, mkongojo mkono wa pili.