Rungwe: Mlima na Wasimulizi Wake

Ukishuka kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, Mlima Rungwe unakuwa kushoto kwako, mara nyingi kilele chake kikiwa ndani ya ukungu. Una urefu wa karibu mita 2,960, na majivu yaliyotoka tumboni mwake na mwa volkano jirani ndiyo udongo unaolisha migomba, chai, viazi na maparachichi ya nchi ya Wanyakyusa. Mvua nayo haina choyo: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Wageni wengi hukimbilia Ziwa Ngozi, wakapiga picha na kurudi. Ni ziwa zuri, limetulia ndani ya kasoko lenye kingo za msitu, lakini anayeishia hapo ameliacha jambo kubwa. Kusini-mashariki mwa Rungwe kuna Kiejo, volkano iliyolipuka takriban mwaka 1800. Hakuna aliyeuandika mlipuko huo. Wazee waliusimulia, watoto wakaupokea, na wanajiolojia walipotaka kujua umri wa lava ile, masimulizi hayo ndiyo yaliyowaongoza.

Lava ya kale zaidi ndiyo iliyoacha Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, bamba la mwamba ambalo maji hupita chini yake. Si mbali na hapo, mto huohuo huzama Kijungu, shimo la mviringo kama la kufinyangwa. Maji huingia kwa kishindo, yakazunguka, yakapotea chini ya jiwe, kisha yakaibuka mbele. Simama hapo kwa muda, lakini miamba inateleza, usisogee ukingoni.

Nchi hii yenye rutuba iliwavuta na wengine. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891. Wajerumani wakaifanya Tukuyu boma lao, wakaiita Neu-Langenburg, na kuweka askari Masoko, kando ya ziwa jingine la kasoko. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliiteka wilaya. Jengo la mawe la Masoko bado limesimama, na habari za silaha na fedha zilizotoswa ziwani bado zinasimuliwa.

Naamini mgeni anapaswa kumtafuta mwongozaji wa kijijini hata kama njia inaonekana wazi, kwa kuwa wenyeji hujua mambo ambayo wageni hawayaoni. Mwaka 2003 watafiti walimwona kipunji katika misitu ya Rungwe, kima ambaye sayansi haikuwa imemsajili. Waliokuwa wakimjua ni wawindaji wa hapo. Maneno yao ndiyo yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Msitu wa mlimani ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na kwa wenyeji mnyama huyo anaendelea kuitwa jina lilelile walilomwitia kabla ya watafiti kufika.