Amplifaya nyepesi ya gitaa

Amplifaya nyepesi ya gitaa ni kikuza sauti cha gitaa la umeme kilichotengenezwa ili mtu mmoja aweze kukibeba kwa mkono. Kwa kawaida uzito wake pamoja na spika hauzidi kilo 15. Hutumika hasa katika shughuli ndogo kama harusi, ibada, sherehe za nyumbani na muziki wa baa, ambako mara nyingi hakuna gari la vyombo wala fundi mitambo.

Uchaguzi wa amplifaya ya aina hii ni mgumu zaidi kwa mpigaji wa gitaa la stili la pedali. Gitaa hilo lenyewe ni zito, na linahitaji amplifaya yenye akiba ya nguvu ili sauti ibaki safi. Kwa muda mrefu nguvu ya namna hiyo ilipatikana katika amplifaya nzito tu. Makala hii inaeleza uzito wa amplifaya unatoka wapi, wati zinamaanisha nini, na mambo ya kuzingatia katika mazingira ya Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, Tanzania.

## Gitaa la stili na mahitaji yake

Gitaa la stili hupigwa likiwa limelazwa. Mpigaji hatumii vidole kubana nyuzi, bali hutelezesha kipande cha chuma juu yake. Upigaji huu ulianzia visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku hutajwa kuwa mwanzilishi wake. Gitaa la stili lilikuwa pia kati ya magitaa ya kwanza ya umeme kuuzwa madukani: lile lililopewa jina la utani la "kikaango" lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1932 na kampuni iliyojulikana baadaye kama Rickenbacker.

Baadaye ziliongezwa pedali za miguu zinazovuta nyuzi na kubadili sauti yake wakati wa kupiga. Mtindo huo ulipata umaarufu mwaka 1954 kupitia wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, ambamo Bud Isaacs alipiga gitaa hilo. Barani Afrika gitaa la stili la pedali linajulikana zaidi katika muziki wa juju wa Nigeria. Demola Adepoju alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé, na pia katika wimbo "Graceland" wa Paul Simon wa mwaka 1986.

Gitaa hili lina mahitaji matatu kwa amplifaya:

- Akiba ya nguvu. Mpigaji hutumia pedali ya sauti kwa mguu wa kulia. Anapochapa uzi, pedali huwa imefunguliwa kiasi. Uzi unapoanza kufifia, huifungua zaidi ili sauti idumu. Kwa hiyo amplifaya isitumie nguvu yake yote kwenye mchapo wa kwanza.
- Usafi wa sauti. Nyuzi mbili au tatu zinapovutwa kwa pamoja, amplifaya iliyozidiwa huchanganya sauti hizo na kutoa mkwaruzo. Mkwaruzo unaopendwa katika gitaa la roki huharibu koodi za gitaa la stili.
- Masafa mapana. Katika mpangilio wa E9, uzi wa chini kabisa una masafa ya hezi 123 hivi na ule wa juu kabisa hezi 415, kabla ya kuteleza kupanda juu zaidi. Katika mpangilio wa C6, uzi wa chini hushuka hadi hezi 65 hivi. Ndiyo sababu wapigaji wengi walipendelea spika za inchi 15.

## Uzito unatoka wapi

Amplifaya ina sehemu nne zinazobeba karibu uzito wote: transfoma, sumaku ya spika, sanduku la mbao na chuma cha kupozea joto.

Amplifaya za vali huwa na transfoma ya kupokea umeme na nyingine ya kupeleka nguvu kwenye spika, zote zikiwa za chuma na shaba. Fender Twin Reverb ya wati 85 yenye spika mbili za inchi 12 ina uzito wa kilo 29 hivi. Amplifaya za transista hazina transfoma ya pili, lakini si lazima ziwe nyepesi: Roland JC-120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975 na kupendwa kwa usafi wa sauti yake, ina kilo 28.

Mabadiliko matatu yamepunguza uzito huo:

- Ugavi wa umeme wa kuwasha na kuzima kwa kasi. Umeme hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo transfoma ndogo sana hutosha. Ni njia ileile inayotumika katika chaja za simu na kompyuta.
- Ukuzaji wa daraja D. Transista hufanya kazi kama swichi, na sehemu kubwa ya umeme hugeuka kuwa sauti badala ya joto. Chuma kizito cha kupozea hakihitajiki. Amplifaya ya wati 200 bila spika inaweza kuwa na kilo 2 tu.
- Sumaku ya neodimi. Spika ya inchi 12 yenye sumaku ya kawaida mara nyingi huwa na kilo 4 au 5. Yenye neodimi huweza kuwa na kilo 2 hivi.

Mfano wa matokeo hayo ni Tone Master Twin Reverb ya mwaka 2019. Huiga sauti ya Twin Reverb kwa njia ya kidijitali, ina wati 200 za daraja D na spika mbili za neodimi, na uzito wake ni kilo 15 hivi, yaani karibu nusu ya ile ya vali.

## Wati na ukubwa wa sauti

Wengi huchagua amplifaya kwa kuangalia wati peke yake. Kipimo hicho hakitoshi. Kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa kiasi kidogo. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, zinahitajika takriban wati mara kumi.

Jambo la pili ni wepesi wa spika kuitikia umeme. Kipimo hiki huandikwa kwa desibeli, spika ikipewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 100 ikipewa wati 50 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 97 iliyopewa wati 100. Hivyo spika nzuri huweza kuchukua nafasi ya amplifaya kubwa.

Spika hiyo ya desibeli 100, ikipewa wati 50, inaweza kufikia desibeli 117 kwa umbali wa mita 1. Katika uwanja wa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kwa mita 8 zitabaki desibeli 99. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, na kwa ua wa nyumba au ukumbi mdogo kinatosha. Wati zaidi za gitaa la stili si za kuongeza makelele, bali ni akiba ya kulinda usafi wa sauti.

Usikivu nao una mipaka yake. Wataalamu wa afya kazini hutumia kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8, na muda huo hupunguzwa kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3. Kwa desibeli 97 muda salama ni nusu saa tu. Mpigaji anayekaa karibu na spika usiku kucha huumia kuliko wasikilizaji.

## Mazingira ya Kibaha na Kisarawe

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kwenye Barabara ya Morogoro, takriban kilomita 40 magharibi mwa Dar es Salaam. Mji wa Kisarawe uko kusini-magharibi mwa jiji, upande wa vilima vya Pugu. Wilaya zote mbili zimepakana na jiji, na wanamuziki huweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa daladala, bajaji au bodaboda. Huko ndiko uzito unakogeuka kuwa gharama. Amplifaya ya kilo 29 pamoja na gitaa la stili, ambalo likiwa na shingo mbili na kasha lake hupita kilo 20, huhitaji gari la kukodi. Amplifaya ya kilo 10 hupakatwa kwenye kiti.

Gitaa la stili halikuwa sehemu ya kawaida ya muziki wa dansi wa Tanzania. Hata hivyo mahitaji yake yanafanana na ya magitaa ya dansi. Solo na ridhimu husukana kwa noti nyembamba zinazopaswa kusikika moja moja, na amplifaya yenye mkwaruzo huufuta msukano huo. Katika bendi kubwa kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mpigaji wa leo katika kikundi kidogo mara nyingi hununua na kubeba chombo chake mwenyewe, hivyo uzito ni mzigo wake binafsi.

Eneo hili lina pia mfano wa kufanya muziki kwa vifaa vidogo. Mchiriku, uliokua Dar es Salaam kutokana na ngoma za Wazaramo, ambao Kisarawe ni sehemu ya nchi yao ya asili, ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio, ngoma, na amplifaya za zamani zenye spika za tarumbeta. Mkwaruzo wa vifaa hivyo ukawa sehemu ya ladha ya mchiriku wenyewe. Kwa gitaa la stili hali ni kinyume, kwani kifaa kidogo kinapaswa kubaki safi.

## Umeme

Tanzania hutumia umeme wa volti 230 na hezi 50, pamoja na plagi ya pini tatu bapa. Vifaa vilivyotumika kutoka Marekani ni vya volti 120 na vya Japani ni vya volti 100. Vikichomekwa moja kwa moja huungua fyuzi au transfoma. Transfoma ya kushusha umeme huondoa tatizo la volti lakini huongeza kilo kadhaa, na haibadili hezi. Transfoma iliyosanifiwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi katika hezi 50. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Dubai kwa kawaida hulingana na umeme na plagi za Tanzania.

Amplifaya nyingi nyepesi huandikwa "100–240 V, 50/60 Hz" nyuma yake. Hizo hufaa mahali ambapo volti hupanda na kushuka, ikiwa ni pamoja na kwenye jenereta dogo. Si zote zilizo hivyo, kwa hiyo maandishi hayo husomwa kabla ya kununua.

Pasipo umeme wa gridi, ulaji mdogo wa daraja D ni faida kubwa. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa Ah 100 huhifadhi takriban Wh 1,200. Betri ya asidi haipaswi kutumika zaidi ya nusu, yaani Wh 600. Amplifaya inayokula wastani wa wati 60 kupitia invata inaweza kupiga saa 8 hivi.

## Usalama

Hatari kubwa katika shughuli ndogo ni ukosefu wa waya wa ardhi. Nyuzi za gitaa la umeme huunganishwa na chasisi ya amplifaya. Chasisi ikipata umeme na ardhi haipo, nyuzi nazo hupata umeme. Mpigaji akigusa maikrofoni iliyounganishwa na mfumo mwingine, mkondo hupita mwilini. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ardhi. Mpigaji wa gitaa la stili yuko katika hatari hiyohiyo, kwani mkono wake hushika chuma juu ya nyuzi muda wote.

Mazoea ya kukata pini ya ardhi, au kusukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, huondoa kinga hiyo. Hatua zinazopunguza hatari ni hizi:

- Amplifaya na mikisa kuchomekwa kwenye chanzo kimoja chenye ardhi.
- Kutumia kikata umeme kinachohisi mvujo wa miliampea 30.
- Kutopiga juu ya ardhi yenye maji, hasa wakati wa masika na vuli.
- Kutofungua amplifaya ya vali bila fundi, kwa kuwa kapasita zake huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuzimwa.

## Mambo ya kuangalia wakati wa kuchagua

Kwa gitaa la stili katika shughuli ndogo, amplifaya nyepesi inayofaa huwa na sifa zifuatazo:

1. Wati 80 au zaidi zikiwa za transista au daraja D, pamoja na spika ya desibeli 98 au zaidi.
2. Spika ya inchi 12 kwa mpangilio wa E9. Kwa C6 ya inchi 15 hutoa besi bora, ingawa sanduku huwa kubwa zaidi.
3. Kidhibiti cha sauti ya kati, kwa sababu gitaa la stili hukwaruza sikio masafa hayo yasipopunguzwa.
4. Tundu la kupeleka sauti kwenye mikisa. Watu wakiwa wengi, spika za ukumbi hufanya kazi kubwa na amplifaya hubaki kumsikilizisha mpigaji.
5. Umeme wa volti 230, au wa volti 100 hadi 240.
6. Uwezekano wa matengenezo. Amplifaya ya zamani ya transista hutengenezwa na fundi redio wa kawaida, wakati bodi ya kidijitali mara nyingi hubadilishwa nzima. Huu ndio udhaifu mkubwa wa amplifaya nyepesi za kisasa.

Majaribio hufanywa kwa gitaa litakalotumika na pedali ya sauti ikiwa imefunguliwa yote. Amplifaya ikikwaruza katika hali hiyo kwenye chumba cha duka, itazidiwa pia katika uwanja wa wazi, hata ikiwa wati zilizoandikwa ni nyingi.

## Tazama pia

- Gitaa
- Muziki wa dansi
- Mchiriku
- Mkoa wa Pwani