Cheni na Shafti: Tarikhi ya Ila Moja katika Porsche 911

Katika magari ya fahari yaliyoundwa Ujerumani baada ya vita vikuu vya pili, ni machache yaliyodumu na umbo na tabia zao kama Porsche 911, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt, Septemba 1963, likiitwa 901, kisha likabadilishwa jina mwaka uliofuata kwa kuwa kampuni ya Peugeot ilishikilia haki yake, huko Ufaransa, ya kuyaita magari yake kwa tarakimu tatu zenye sifuri katikati. Sifa za gari hili zimeenea; lakini maradhi yake nayo yana tarikhi, na mwenye kuyafuata tangu mwanzo huona jambo la kustaajabisha, kwamba kwa miaka zaidi ya 40 ila iliyotisha kuliko zote ilirudi mahali pale pale, katika njia ipitwayo na mzunguko wa krenki hata kuzifikia kamshafti.

Injini ile ya kwanza, ya lita 2 na nguvu za farasi 130, ilikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, silinda zake sita zikiwa zimelazwa, tatu kulia na tatu kushoto, na ubaridi wake ukitoka katika upepo wa feni. Kwa kuwa kila upande ulikuwa na kamshafti yake, nayo iko mbali na krenki, mafundi wa Porsche huko Zuffenhausen waliweka chini ya krenki shafti ndogo ya kati, na kutoka kwayo wakapitisha cheni mbili ndefu, moja kila upande. Cheni ndefu namna hiyo haina budi kuwa na cha kuikaza. Ikikazwa mno italika, na ikilegea itaruka jino, valvu zikose wakati wake na kugongana na pistoni, injini ya thamani ife kwa dakika moja. Kazi hiyo ya kukaza vilipewa vikazio viwili vyenye pistoni ndogo na springi, kila kimoja na oili yake ndani, isiyopata nyongeza ya maana kutoka kwenye pampu.

Sili za vikazio hivyo zilipochakaa oili ilivuja, na ule mkono mdogo unaobeba gurudumu la cheni nao ulikuwa ukikwama katika bushi yake. Fundi mjuzi hakuhitaji kufungua kitu: gari lilipowashwa asubuhi, injini ikingali baridi, aliinama nyuma upande wa bomba la ekzosi akasikiliza, na kama alisikia mkwaruzo mkavu wa chuma juu ya chuma, unaodumu nukta chache kisha ukatoweka, alimzuia mwenye gari asiende nalo tena. Nalo ni gari lile lile lililomaliza Safari Rally katika nafasi ya pili mwaka 1974 mikononi mwa Björn Waldegård, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya, na likashika nafasi hiyo tena mwaka 1978 likiendeshwa na Vic Preston mdogo. Mwaka 1980 mikono ile ilitengenezwa upya, na mwaka 1984, katika Carrera ya lita 3.2, vikazio vikaanza kulishwa oili yenye shinikizo kutoka kwenye pampu. Basi dawa ilikuja baada ya miaka 20, na wenye magari ya zamani wakainunua na kuifunga katika injini zao.

Hapo katikati ilizuka taksiri nyingine, nayo ilitokana na wepesi. Mwaka 1968 bloku ya alumini iliachwa ikachukuliwa ya magnesiamu, kusudi uzito upungue katika mkia uliokuwa na tabia ya kuvuta gari nje ya kona. Shauri hilo lilifaa maadamu injini ilikuwa ndogo. Lakini ilipofikia lita 2.7, kipenyo cha silinda kimetoka milimita 80 hadi 90, joto lilizidi, na zile bolti ndefu za feleji zinazobana silinda hedi zikaanza kung'oka na reza zake katika madini laini. Yaliyoteseka zaidi ni magari ya Marekani ambayo, kwa ajili ya sheria za moshi, yalifungwa vyombo vya kuunguza masazo ya petroli karibu kabisa na injini. Kufikia mwaka 1978, katika 911 SC, alumini ilikuwa imerejea.

Kisha ikaja miaka ya 1990, kampuni ikiwa taabani kwa fedha, na ikakata shauri kuunda injini mpya ya kupozwa kwa maji, ya gharama nafuu, itumikayo katika Boxster ya mwaka 1996 na katika 911 ya mwaka 1997. Shafti ya kati ilibaki. Ila katika injini ya kale ilizunguka juu ya beringi bapa zilizooshwa daima na oili yenye shinikizo, ilhali katika mpya ncha yake moja ilikalia beringi ya gololi iliyofungwa kwa sili na kujazwa grisi. Sili zilipochoka, oili ya injini ilipenya na kuiosha grisi, kisha ikanasa humo bila kubadilishwa. Gololi zikalika, beringi ikavunjika, cheni zikapoteza wakati, na valvu zikakutana na pistoni kama zamani.

Linalonisikitisha ni kwamba maarifa yalikuwamo nyumbani. Katika miaka hiyo hiyo Turbo na GT3 ziliendelea kutoka na injini ya asili ya mhandisi Hans Mezger, yenye beringi bapa, nazo hazikupatwa na maradhi haya. Mafundi wengi wanashuhudia pia kwamba magari yenye injini ile mpya yaliyoendeshwa mara kwa mara na kubadilishwa oili mapema yalisalimika kuliko yaliyofunikwa gereji, hata mwenye kulitunza gari lake kwa kulificha ndiye aliyelihatarisha. Huko Marekani kesi ya pamoja ya wenye magari ilimalizika kwa sulhu mwaka 2013, ikawahusu wenye magari yaliyoundwa kati ya 2001 na 2005.

Injini iliyotolewa mwaka 2008 haina shafti ya kati kabisa. Cheni zake hutoka moja kwa moja kwenye krenki. Kwa mengi ya magari ya kabla yake yenye beringi ile ya gololi, beringi haifikiwi ila giaboksi na klachi zishushwe, kwa hiyo fundi mwaminifu humshauri mteja aibadilishe siku klachi inapobadilishwa, na mnunuzi mwerevu, kabla ya kutaja bei, huomba kwanza stakabadhi ya kazi hiyo.