Wasioruka wa Eastleigh

Kabla Eastleigh ya Nairobi haijavuma kwa maduka ya nguo, ilijulikana kwa uwanja wake wa ndege. Waingereza waliufanya kituo cha jeshi lao la anga, RAF, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndege za abiria nazo zilitua papo hapo, zikiwemo za East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946, hadi uwanja mpya wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958.

Historia ya kambi kama hii huandikwa kwa majina ya marubani. Waliobaki chini hutajwa kwa jumla, kama wanatajwa: wajaza mafuta, mafundi wa injini na redio, wakunja parachuti, zimamoto, madereva, wapishi, walinzi wa lango. Katika RAF, rubani hakuondoka kabla mafundi hawajatia sahihi zao kwenye Fomu 700, naye akatia yake chini yao. Na Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege hutaka mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa, kwa hiyo kila kilo ya mzigo na mafuta ilipigiwa hesabu.

Kazi hiyo haikuwa safi daima. Kuanzia mwishoni mwa 1953 mpaka 1955, ndege za Lincoln ziliondoka hapa kwenda kupiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Bomu halijipakii lenyewe.

Juni 1, 1964, Jeshi la Wanahewa la Kenya likazaliwa papo hapo Eastleigh, likaanza na ndege ndogo za mafunzo aina ya Chipmunk. Miaka ya sabini zikaja Strikemaster, Hunter na F-5. Kila aina ilikuja na vipuri vyake, zana zake na masomo yake, na mzigo wote huo uliwaangukia watu wa karakana.

Kisha Jumapili ya Agosti 1, 1982. Jaribio la kumpindua Rais Moi liliongozwa na wanahewa wa vyeo vya chini, Hezekiah Ochuka akiwa mbele. Waliteka kambi ya Eastleigh, wakateka na kituo cha redio cha Sauti ya Kenya. Walichokosa ni mtu wa kurusha ndege kwa hiari yake. Huko Nanyuki, kwenye kambi nyingine ya wanahewa, marubani walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki wapae kwenda kupiga Nairobi. Wakapaa, na mabomu yakaishia msituni. Ochuka mwenyewe alikimbilia Tanzania kwa ndege ya Buffalo iliyorushwa na rubani aliyeshurutishwa. Alirudishwa Kenya, akanyongwa mwaka 1987.

Jeshi zima la Wanahewa lilivunjwa mwezi uleule wa jaribio. Lililoundwa upya likaitwa '82 Air Force, na halikurudishiwa jina lake mpaka 1994. Kambi ya Eastleigh nayo ikapewa jina la Moi, yuleyule waliyetaka kumng'oa. Lakini amri inayovunja jeshi kwa siku moja haizalishi fundi wa F-5: huyo husomeshwa miaka.

Mwaka 2020 zikafika Spartan za kubeba mizigo kutoka Italia, kuchukua nafasi ya Buffalo, na karakana ikaanza masomo upya.